Kipa Aliyestaafu Mara Nne

Saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa nyasi ulio mwendo mfupi kutoka Hjulsta, treni ya Stockholm inakoishia, mwanamume mrefu mwenye ndevu za mvi amesimama kando ya goli. Amevaa koti jeupe linalomfika magotini, kama muuza nyama. Mkono mmoja ameshika bendera nyeupe, mwingine ya kijani. Hatakiwi kukimbia, hatakiwi kugusa mpira, na zaidi ya yote, hatakiwi kuchubuka.

Nyuma yake mkewe amekunja mikono kifuani. Haangalii mpira. Anamwangalia yeye.

"Leo ni bendera tu," anasema Nyokabi Hartigan, muuguzi mzaliwa wa Nyeri. "Nimemkagua miguu kabla hatujatoka nyumbani, na nitamkagua tena tukimaliza. Mtu ana miaka hamsini na mbili, namkagua kama mtoto wa chekechea!"

Jumanne ijayo, Colman Hartigan, fundi bomba na mchezaji mstaafu wa hurling kutoka Ireland, anawekewa goti bandia mguu wa kulia. Madaktari hawaweki goti bandia kwenye mguu wenye jeraha bichi, hata likiwa mchubuko tu, kwa sababu wadudu wa jeraha wanaweza kuingia hadi mfupani.

Colman analijua hilo vizuri sana. Januari mwaka huu alifika kwa upasuaji huohuo akarudishwa nyumbani.

"Aliniambia anafundisha tu," Nyokabi anasema, na sauti inaanza kupanda. "Kufundisha! Akarudi na muundi umechanika. Daktari akapandisha suruali, akaangalia, akaishusha. Basi. Na mimi nafanya kazi hospitali hiyohiyo, Flemingsberg. Wenzangu wote waliniona nikitoka naye mlangoni."

Wamengoja tena miezi minne. Wakikosa nafasi hii, wanarudi mwisho wa foleni, na foleni hiyo ni ndefu. Wakati huohuo kazi inamponyoka Colman mikononi, maana fundi bomba asiyeweza kupiga magoti ni fundi wa mdomo. Mwezi Machi alikwama chini ya sinki huko Jakobsberg. Mwenye nyumba, bibi wa miaka themanini, ndiye aliyemsukuma hadi akasimama. Siku hizi anakataa karibu nusu ya kazi anazoitiwa.

Kwa wasiojua, hurling ni binamu wa mpira wa magongo, lakini binamu aliyelelewa bila kuchapwa. Gongo lake ni pana mwishoni, mpira ni mdogo na mgumu, na mchezaji anaruhusiwa kuupiga ukiwa hewani, juu ya vichwa vya watu. Ukipita juu ya mwamba wa goli, mwamuzi wa goli, yule wa koti jeupe, anapandisha bendera nyeupe na timu inapata pointi moja. Ukiingia wavuni, inapanda ya kijani, na hizo ni tatu.

Colman alianza kudaka akiwa na miaka tisa. Alidakia timu ya parokia yake miaka kumi na minane na kaunti ya Clare miaka saba. Jumapili alisimama golini mbele ya maelfu ya watu, Jumatatu alikuwa chini ya sinki ya mmoja wao. Malipo hayakuwepo, kwa sababu hurling hailipi mtu yeyote, hata awe hodari namna gani. Kilichobaki ni vidole vitatu vilivyoungana vibaya na hilo goti.

Walikutana Thika, Colman alipokuwa akilaza mabomba ya mradi wa maji. Kiswahili chake alikiokota mtaroni, kwa mafundi wenzake.

"Siku ya mahari mjomba alimuuliza alikuwa analipwa pesa ngapi kucheza," Nyokabi anakumbuka. "Akajibu, hakuna. Mjomba akanivuta kando akaniuliza kama huyu mzungu anaficha pesa ama ana shida ya kichwa. Mpaka leo sijampatia jibu."

Nyokabi alikuja Stockholm kusomea uuguzi, naye Colman akamfuata. Tangu hapo amestaafu mara nne. Mara ya kwanza na ya pili, rafiki yao Njuguna, dereva wa basi, alichoma mbuzi mzima wa kumuaga. Mara ya tatu Nyokabi alikataa kupika. Ya nne hakuna aliyeisikia ikitangazwa, maana ilidumu wiki moja.

Ubaya ni kwamba timu yao ya hurling hapa Stockholm haina watu, na Colman ana njia yake ya kuwapata. "Ukimwita azibue sinki, anazibua sinki na kuondoka na wewe," anasema Njuguna, ambaye alinaswa hivyohivyo jikoni kwake.

Kipa wa leo, Roméo, kijana wa Kirundi, alipatikana bafuni. Nusu ya kwanza amedaka vizuri. Nusu ya pili, zikiwa zimebaki dakika kumi na timu yake ikiongoza kwa pointi mbili, mpira wa wageni kutoka Uppsala unamgonga kidole gumba. Anatupa gongo, anajikunja kwa maumivu.

Hakuna kipa wa akiba. Mmoja yuko harusini, mwingine yuko zamu. Refa anatazama saa. Kisha macho yote yanamgeukia mwenye koti jeupe.

Colman analaza bendera zake chini, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Mama Natalie," anasema, "ni dakika kumi tu. Nitasimama pale, sitasonga."

"Baba Natalie, okota hizo bendera."

"Dakika kumi, Nyokabi."

"Ukiingia hapo, Jumanne utajipasua mwenyewe!"

"Pappa, sluta," anasema binti yao Natalie kwa Kiswidi, yaani baba, acha. Hainui macho kwenye simu.

Lakini kifungo cha kwanza cha koti kimeshafunguliwa, na cha pili kinafuata. Uso wa Nyokabi unawaka. Amebembeleza, amefoka, amenuna, amefanya yote ambayo mke anaweza kumfanyia mtu mzima asiyesikia. Anatembea hadi kwa Roméo, anamvua kofia ya chuma, anaivaa juu ya nywele alizosuka jana, anaokota gongo na kuingia golini mwenyewe.

"Nilidaka mpira wa magongo miaka minne shuleni," anawaambia wachezaji walioduwaa. "Mnangoja nini?"

Kwa miaka kumi na mmoja Colman amemsihi acheze, na jibu lilikuwa lilelile, kwamba mwendawazimu mmoja kwa nyumba anatosha.

Mpira wa kwanza unakuja juu, usawa wa kichwa. Nyokabi anauona vizuri, lakini gongo linabaki chini, kwa sababu shuleni ukilipandisha juu ya bega ulipigiwa filimbi na kukimbizwa uwanja mzima. Mpira unapita sikioni kwake na kutikisa wavu.

Sheria ni sheria. Colman anainua bendera ya kijani dhidi ya mkewe, na mke anamtupia jicho ambalo hata mwandishi wa habari hii lilimfanya arudi nyuma.

"Inua gongo!" Colman anapiga kelele. "Hapa hakuna mwalimu!"

Wa pili unakuja juu zaidi. Gongo linapanda, mpira unalia kwenye ubao wa gongo na kurudi katikati ya uwanja. Wa tatu anauzuia kwa muundi. Timu inafungwa kwa pointi moja, lakini Njuguna anashangilia kama aliyeshinda kombe.

Filimbi ya mwisho ikilia, Nyokabi hapokei pongezi. Anamwendea mumewe, anampandisha suruali mbele ya watu na kumkagua goti, muundi, hadi kifundo. Ngozi ni safi. Mguu wake yeye ndio unaovuja damu.

"Huu si wa Jumanne," anamwambia Colman anayejaribu kuinama auone.

Colman anasema baada ya upasuaji hatagusa gongo tena, na safari hii anaapa. Anachotaka ni kurudi kazini ifikapo vuli. "Nataka nipige magoti mwenyewe, niinuke mwenyewe," anasema. "Yule bibi wa Jakobsberg nisimsumbue tena."

"Tutaona," anajibu Nyokabi, ambaye amesikia ahadi za aina hiyo mara tele. Gongo amelichukua yeye, anasema, ili lisikae karibu na mgonjwa.

Kituoni Hjulsta, treni haijafika. Colman amekaa kwenye benchi akisugua goti. Nyokabi anatazama huku na huku, kisha anainua gongo juu ya bega na kulipitisha hewani mara moja. Anarudia, juu zaidi.

"Mamma," anasema Natalie, macho kwenye simu, "sluta."