Nilivyokwenda Kipawa kudai sauti ya mdogo wangu kwa producer wa heavy metal

Wakuu, salamu kwenu nyote, hasa mnaojifanya mko bize kazini. Hii ishu imenikuta mwenyewe. Ni kweli tupu, chumvi nimetia kidogo tu ya kuonjea.

Mie ni msomi wa shule ya jioni, cheti ninacho. Ila niliamini kabisa kwamba pale Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, kuna producer anachukua sauti za watu na kuzifungia ndani ya gitaa lake.

Tunamuita Braza Chuma. Alianza kupiga gitaa kwenye kwaya, wazee wa kanisa wakamtoa maana lilikuwa linanguruma kuliko mahubiri. Akaingia bendi ya dansi hotelini, wageni wakaacha kula. Ndipo akaunda bendi yake ya heavy metal, ule muziki ambao mwimbaji ananguruma kama simba, na mvi zilipoingia akafungua studio.

Mtaani tulichojua ni kimoja: vijana wanaingia pale wanaongea, wanatoka hawaitikii hata salamu.

Sasa mdogo wangu Musa ananadi nyanya soko la Mabibo. Akiita wateja, Zanzibar wanageuka. Chuma akapita sokoni, akamsikiliza, akamwambia, "Hiyo sauti naihitaji."

Musa akaenda.

Jioni karudi, kampita mama bila shikamoo. Musa huyu huyu! Nikamuuliza kulikoni, akanionyesha simu, kaandika: "Nimekatazwa kusema." Akalala.

Wakuu, nilitetemeka mpaka kitanda kikahama ukuta. Musa hana kazi nyingine. Sauti ikienda, na sie wote tumekwenda.

Asubuhi mie huyo Kipawa. Kuta zote magodoro. Gitaa likalia, nikalisikia kwenye meno.

Ghafla Chuma kanyoosha mkono. Bendi nzima kimya, bati linatetemeka. Nikajua jini linapita. (Kumbe wanasubiri ndege itue ndo warekodi.)

Nikampa shikamoo, nikamwambia: "Mzee wangu, nimefuata sauti ya Musa. Kama lazima ubaki na moja, chukua yangu."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndo nikaamini kabisa kwamba wanayo.

Nilichojifunza: kabla hujajitoa kafara, uliza. Na nyie semeni hapo chini, mliwahi kuamini nini? Msinicheke peke yangu.

Jibu la mzee lilikuwa hili:

"Kijana, kunguruma vile kunachubua koo. Kila ninayemrekodi namwambia anyamaze siku nzima, apone. Kesho Musa atanadi."