Mtamba kwa Nafasi ya Kulipia

Fizikia ndiyo iliyoniangusha. Wala sikufeli, ningefeli ningenyamaza nikaendelea kuchuma chai. Alama zangu zilitosha kusomea uhandisi, ila hazikutosha kugombea nafasi za ada ya kawaida. Chuo nilichoomba ni cha binafsi, kiko mbali na kwetu, na hutenga nafasi chache kwa watu wa aina yangu: ukikubali kulipa ada kubwa kuliko wenzako, unaingia. Ukichelewa kutanguliza malipo, anapewa mwingine. Ujumbe wao ulinikuta Bulyaga, pale Tukuyu mjini, nimejibanza kibarazani kwenye duka moja, mvua inanyesha, mtoto yuko mgongoni. Niliusoma hadi mwisho nikasema kwa sauti, "Siiachi hii!" Mwenye duka akatoka kuangalia kama nina akili timamu.

Usidhani nilikuwa na tamaa ya kuitwa injinia. Kinyala nilikoolewa, barabara inayotoa chai yetu inapita juu ya kalvati moja, bomba la kupitishia maji, ambalo kila masika linasombwa na mafuriko. Gari la kubeba majani linakwama ng'ambo, majani mabichi yanachemka ndani ya magunia, yanageuka rangi, na kiwandani yanakataliwa. Wataalamu wanakuja, wanapima, wanaweka bomba la ukubwa ule ule mahali pale pale, wanapiga picha, wanaondoka. Nimelitazama bomba lile misimu mingi mpaka limenikera kama mtu. Kwamba ni dogo, hata kuku wangu anaona. Linatakiwa liwe kubwa kiasi gani, na kwa nini, hilo ndilo sikulijua, na nilitaka kulijua mimi mwenyewe.

Mume wangu anaendesha mashine kiwandani, na mshahara wake ulikuwa ukiishia mezani. Kitu pekee pale nyumbani kilichoweza kuninunulia ile nafasi kilikuwa mtamba wa baba mkwe, ng'ombe mchanga mwenye mimba yake ya kwanza. Na baba mkwe nisingeweza kumwomba.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu hazungumzi na baba wa mumewe. Wazee wanaita kutila, yaani kuogopa, ingawa maana yake hasa ni heshima. Vijana wa mjini Tukuyu siku hizi wanacheka wakisikia, lakini nyumba niliyoolewa haikuwa na mchezo na jambo hilo. Sikuwahi kukaa naye sebule moja wala kula naye. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mgongo wa koti lake. Nikiwa na shida, nilimwambia mama mkwe, yeye akaipeleka.

Basi hii nayo akaipeleka. Akarudi uso umemng'aa, akanishika mikono. "Amekubali! Mnunuzi atatoka Kyimo." Nilicheza pale pale jikoni, mwiko mkononi.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka ibadani, wamama wakanizunguka na hongera. Mmoja akaniambia baba mkwe amewasimulia wazee wa kanisa kwamba mkwewe ana kichwa, serikali imemchagua pamoja na wenye alama za juu kabisa, na yeye anauza mtamba ili nisiende chuoni mikono mitupu. Nilitabasamu, nikaaga haraka. Nyumbani nikamkuta mama mkwe anapepeta maharage.

"Mama, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia vile mwanaume anavyoelewa." Hakuacha kupepeta. "Ningesema unanunua nafasi kwa sababu hesabu zilikushinda, angetoa ng'ombe?"

"Ni fizikia, mama."

"Hata hiyo."

Mume wangu naye, nilipomwambia, alikuna kichwa. "Mzee ameshakubali. Ukweli utamsaidia nini sasa hivi? Wacha ng'ombe aende, mambo mengine tutayaona huko mbele." Alinipenda na alitaka nisome, ila yeye ni mtoto wa nyumba ile, na kumwumbua mama yake kwa baba yake hakuweza. Nikamwelewa. Hasira hazikuniisha kwa kumwelewa.

Niliogopa pia, tena sana. Mnunuzi alikuwa anakuja kesho yake, na muda wa chuo ulikuwa unakwisha. Mzee akibadili mawazo, sikuwa na pengine pa kwenda. Lakini niliitaka nafasi ile kiasi kwamba sikutaka iwe na kitu cha kuificha. Nisingeweza kukaa darasani miaka yote ile nikijua kuna mzee Kinyala anajisifu kwa jambo ambalo halipo.

Jiko letu ni la mbao, na limepakana na banda la ng'ombe. Jioni ile baba mkwe alikuwa upande wa pili anakamua, maana ng'ombe wake hamwachii mtu. Nilisikia maziwa yakigonga ndoo. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenda kwa jirani. Nikaacha kumenya ndizi, nikamtikisa mtoto kidogo mgongoni.

"Mwanangu," nikasema, kwa sauti ambayo hakuna mtoto anayenyonya aliyeihitaji, "nikwambie habari za mama yako. Mama yako hakuchaguliwa na mtu. Alama zake zilipungua. Anaingia chuoni pamoja na wale wanaolipa zaidi, na huyo mtamba ndiyo malipo yenyewe. Bibi yako alisema vingine kwa kunipenda, asilaumiwe. Lakini babu yako asitoe ng'ombe wake kwa jambo asilolijua."

Maziwa yakakatika. Ikabaki mvua juu ya bati.

"Gwe, wewe ng'ombe," baba mkwe akamwambia ng'ombe wake baadaye, polepole. "Hao wa kulipa zaidi, wanatungiwa mtihani wao, wa laini laini?"

"Mtihani ni mmoja, mwanangu," nikamwambia mtoto. "Anayelipa nyingi na anayelipa kidogo wanakaa chumba kimoja, wanaulizwa maswali yale yale. Akifeli anarudi nyumbani, na pesa yake hairudi."

"Na mimi kanisani nimesema kachaguliwa. Wale wazee nitawaambia nini?"

"Hapo mama yako hana jibu, mwanangu."

Akaendelea kukamua. Nikaona yamekwisha, kesho mnunuzi ataambiwa arudi Kyimo mikono mitupu. Nikachukua kisu nikamenya ndizi kwa nguvu, nikakata na nyama yake. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na utomvu.

"Na akishindwa huko?"

Nikasimamisha kisu. Mama mkwe hakuwa ameniuliza hilo, wala mume wangu. Wao walihangaika na namna ya kuingia tu. Nilifungua mdomo nimjibu mtoto kama tulivyokuwa tukienda, nikageuza shingo nikamwona amelala, mdomo wazi. Nikasogea hadi ukutani.

"Sitashindwa, baba."

Nilisikia kigoda kikisukumwa na mzee akisimama. Nikajua ataondoka, na angekuwa na haki ya kuondoka: mkwe ameinua sauti, amemwita, amemjibu moja kwa moja. Hatua zake zikafika mlangoni pa banda, zikasimama. Akakohoa.

"Kesho mtamba anakwenda," akasema. Hakuwa anasema na ng'ombe. "Na Jumapili nitawaambia wazee kwamba serikali haikukuchagua. Nimekuchagua mimi."