Jumla Moja, Nyumba Mbili

Jamaa, leo nimeandika programu ya kompyuta kwa lugha ya C ikakubali mara ya kwanza.

Sawa, nimewadanganya. Imenitukana asubuhi yote.

Mwenyekiti wa ushirika wa samaki hapa Karungu alikuwa anakuja mchana kuiona. Ikikataa, kompyuta ya ushirika inahamia Homa Bay kwa karani wao mwenye tai.

Faili ni mbili: ziwa.c inaongeza kilo za samaki, soko.c inapunguza. Zote zinasoma faili ya tatu, samaki.h, na humo nilikuwa nimeandika "int jumla = 0;", yaani anzisha jumla kwa sifuri.

Linka, ile programu ya kuunganisha faili, ikalia: jumla imefafanuliwa mara mbili!

Nikafuta. Nikawasha upya. Nikapiga meza. Wapi!

Mikayi, mke wangu mkubwa, akachungulia. "Baba Otieno, mashine inataka nini?"

"Inasema nyumba mbili zimeanzisha kitu kimoja."

"Kwani hapa kwako msimu wa kupanda huanzishwa na nani?"

"Wewe, mikayi."

"Na mke mdogo?"

"Anajua umeanza, ndipo anafuata."

Aii! Kwa samaki.h nikaandika "extern int jumla;", yaani ipo mahali, msiianzishe tena. Ile "int jumla = 0;" nikaipeleka ziwa.c peke yake.

Ikaungana kimya.

Mwenyekiti akafika, akaiona, akauliza nilisomea wapi. Nikasema Ulaya. Mikayi akakohoa mlangoni.

Kompyuta inabaki. Lakini mikayi anadai nimpalilie shamba.

Odhiambo wa Ndhiwa, wewe uliyelala kwangu barabara ilipokatika, kuja na jembe.