Daktari Aliyeiogopa Mashine Yake

Habari ilinikuta sokoni Voi nikichagua nyanya. Aliyenipigia ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja hapa mjini, mtu asiyepiga simu ovyo, na nilipoona jina lake nilijua kuna jambo. “Mwalimu, Daktari ametutoka,” alisema. “Ni moyo. Alikuwa amekuja kwao kupumzika. Wanazika leo baada ya adhuhuri.” Niliziacha nyanya pale pale nikaenda. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza, kwa hiyo niliketi mkekani na wanawake, na leso ya kuazima kichwani, nikamshika mkono mama yake. Nitawaambia kweli, wasomaji wangu wa siku nyingi. Machozi yalikuja baadaye. Kilichonijia kwanza ni woga, hata nikatoka nje kutafuta hewa.

Wengi wenu hamkumjua, na wala si ajabu. Alikuwa daktari wa aina ambayo mgonjwa haioni. Nyama inayotolewa kwenye uvimbe wako hukatwa nyembamba kuliko karatasi, ikabandikwa kwenye kioo, ikatiwa rangi, na yeye ndiye aliyeitazama kwa hadubini na kusema kama ni saratani au siyo. Alizaliwa hapa Voi, katika familia ya wenye maduka ambao asili yao ni pwani. Kazi yake kubwa ilikuwa Mombasa, lakini siku fulani fulani alirudi kutuhudumia. Siku nyingine zote vioo vyetu vilifungwa kwa pamba, vikatiwa kwenye boksi na kupelekwa kwake kwa basi. Vingine vilifika vimevunjika. Majibu mengine yalirudi wakati mwenye ugonjwa ameshachoka kungoja, amerudi zake kijijini Kishushe, na hapatikani kwa simu.

Ndipo hospitali ikaamua kununua skana, yaani mashine inayokipiga kioo picha kwa undani kiasi kwamba daktari aliye mbali anaweza kukisoma kwenye kompyuta yake kama vile yuko hapa. Daktari aliombwa achague. Mimi, niliyeacha kufundisha nikawa mwandishi wa gazeti, niliitwa niandike habari, na nilitarajia kukaa kidogo, ninywe soda, niende zangu. Wauzaji walileta mbili. Moja ilikuwa kubwa kama kabati, inayomeza rundo la vioo kwa mpigo na kutaka chumba chenye ubaridi. Nyingine ilikuwa ndogo, ya kuweka mezani, haizidi tanuri la kupashia chakula, na inachukua vioo vichache tu. Muuzaji, bwana mmoja mchangamfu kutoka Nairobi, aliweka kioo chake mwenyewe, na picha iliyotokea ilipendeza kama kitambaa cha maua. “Madam, hii haina shida kabisa,” alisema. Daktari alimshukuru, kisha akafungua mkoba na kutoa vioo vyake. Kimoja nyama yake ilikatwa nene. Kingine kilikuwa na kiputo cha hewa, na kingine rangi yake ilikuwa hafifu kama chai ya maziwa iliyozidi maji. “Hivi ndivyo tulivyo navyo huku,” alisema. “Hebu tuvitie hivi kwenye zote mbili.” Kila picha aliilinganisha na alichokiona kwenye hadubini. Kioo kile kile alikirudia tena kuona kama mashine itasema neno lile lile. Mashine ikiwa katikati ya kazi, aliomba stima izimwe ghafla, kama inavyokatika huku mara kwa mara, na bwana yule akacheka akidhani ni mzaha. Malori yalipopita barabarani aliweka kiganja mezani kusikiliza mtikisiko, kisha akauliza kama hospitali inaweza kujenga meza ya saruji.

Alichagua ile ndogo. Nilimwuliza sababu tukiwa tunatoka. “Hapa hatuna vioo vingi vya kulisha lile kabati,” aliniambia. “Na hii ikikwama, wenzangu wa maabara wanaweza kuifunua na kuisafisha vumbi. Ile nyingine ingengoja mtu kutoka Nairobi, na mgonjwa angengoja nayo.” Nikasema basi bila shaka ameridhika. Alisimama akanitazama. “La, mwalimu. Naiogopa. Picha zake ni nzuri mno, na mtu akionyeshwa kitu kizuri haulizi ambacho hakuonyeshwa.” Niliandika makala yangu na sentensi ile nikaiacha nje. Niliona haifai katika habari ya furaha.

Muda si mrefu mdogo wangu, anayelima Rukanga chini ya mlima Kasigau, alinijia na uvimbe kwenye titi. Ulikuwa mgumu kama kokoto. Alitolewa vipande kwa sindano, vyembamba mithili ya nyuzi, na tukaambiwa picha zitatumwa kwa Daktari Mombasa. Nilikwenda kukaa naye kungoja. Sijui niwaelezeeje hofu ya nyumba ile. Tulichambua mboga tusizokuwa na hamu ya kuzila. Tulisemezana juu ya mbuzi, juu ya mvua, juu ya kila kitu isipokuwa kile. Simu ilipolia tulitazamana kwanza, na ilipokuwa ni jirani anaulizia jembe, mdogo wangu alirudi kwenye mboga zake. “Dada,” aliniambia mara moja, “wakisema hakuna kitu, nitaamini?” Nilimwambia ataamini, kwa nini asiamini.

Siku ile ile, kama nilivyokuja kusimuliwa, Daktari alikuwa mbele ya kompyuta yake. Picha ilikuwa safi na nyama iliyoonekana ilikuwa nzima, imetulia, haina kasoro. Aliandika kwamba hakuna saratani. Kabla ya kutuma alisita. Daktari wa upasuaji alikuwa amemweleza kwamba uvimbe ni mgumu, na nyama aliyokuwa akiiona haikuwa na kitu cha kuufanya uwe mgumu. Akampigia mtaalamu wa maabara wa Voi. “Kichukue kioo chenyewe ukiinue dirishani. Unaona vipande vingapi?”

“Vitatu, Daktari.”

“Mimi naona viwili. Tazama vyema.”

“Ni vitatu. Kimoja kiko pembeni kabisa, kimepauka, kina mafuta mengi.”

Skana ile, ili isipoteze muda kupiga picha mahali patupu, huanza kwa kutafuta yenyewe penye rangi. Kipande kilichopauka ilikiona kama kioo kitupu, ikakiruka. Mtaalamu aliizungushia mstari kwa mkono sehemu ile, akairudia picha, akaituma. Saratani ilikuwa humo, ndani ya kipande cha tatu.

Daktari hakututumia ujumbe. Alikuja mwenyewe Voi, akatuita, akamweleza mdogo wangu kila kitu kwa utaratibu, ugonjwa ulipo na njia ya matibabu. Tulipobaki wawili alifunga mlango. “Nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba hakuna kitu,” alisema. “Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Angerudi shambani kwake akifurahi.” Tangu siku hiyo alitaka picha za skana zitumwe pamoja na picha nyingine ya kioo kizima, kama macho ya mtu yanavyokiona, na hakuanza kusoma mpaka idadi ya vipande vya huku na vya kule ilingane. Hata hivyo hakulala vizuri. Mama yake aliniambia pale mkekani kwamba mwanawe alikuwa akiamka kabla ya adhana, akakaa kitandani akifikiria vioo alivyokwisha kuvijibu.

Mdogo wangu alitibiwa. Ilikuwa safari ndefu na chungu, nywele zilimtoka, lakini yuko hai, na msimu huu amepanda pojo. Nami nimekuwa nikijiuliza kwa nini kifo cha mtu mmoja kimeniogofya hivi, ilhali mashine iko pale pale kwenye meza yake ya saruji na inafanya kazi. Nadhani ni kwa sababu tumekuwa watu wa kushangilia vifaa. Vikiletwa tunakata utepe, tunapiga picha, tunahutubia, na tunarudi majumbani tukiamini kazi imekwisha. Hatuulizi nani atakaa navyo akiwa na wasiwasi. Sasa picha zetu zinasomwa na mtu wa mbali tusiyemjua, na nasikia yako mazungumzo ya programu itakayozisoma yenyewe. Huenda msomaji huyo ni hodari kumshinda marehemu. Huenda na programu ni hodari. Sijui kama wataogopa.

Siwaambii haya kama mtazamaji. Wiki mbili baada ya mazishi, nikijifunga kitambaa kichwani, vidole vyangu viligusa uvimbe mdogo shingoni, chini ya sikio. Nimekwisha kuonana na daktari mwingine, na nyama itatolewa siku chache zijazo. Naogopa sana. Naogopa nikiosha vyombo, naogopa nikiandika mistari hii, na mdogo wangu ameniambia waziwazi kwamba naogopa kuliko alivyoogopa yeye. Zamani ningeketi kimya kwenye benchi na kushukuru kwa lolote nitakaloambiwa, maana ndivyo tulivyolelewa, mgonjwa asimsumbue daktari. Safari hii nitauliza. Nani atasoma, vipande ni vingapi, na je, amevihesabu? Nikionekana mkorofi, na iwe hivyo. Alichonifunza mwanamke yule ni kwamba woga uliofichwa haumsaidii mtu, na nimeamua wangu niuogope kwa sauti.