Mashairi Ndani ya Magunia

Njoki alikuwa akichimbua viazi pale Dundori simu ilipolia. Alikuwa mwanawe Mwaura, kutoka hospitalini Nakuru.

"Mama, Mungu amempumzisha Baba."

Njoki aliketi juu ya gunia tupu, akaomba kimya.

Mumewe, Anselmo Quispe, mshairi na mwanafalsafa kutoka Bolivia, alikuja miaka thelathini iliyopita kufundisha wakulima kuhusu mbegu za viazi. Akajifunza Kiswahili kanisani, akamwoa Njoki, akakaa. Kwao pia hulima viazi milimani, na alishikilia kwamba anayeinamia udongo hufikiri vizuri kuliko anayekalia kiti. Karatasi hakuitaka. Aliandika kwa wino mzito kwenye magunia.

"Baba Mwaura, broka anayenunua viazi atadhani hizo ni alama za shamba la mtu mwingine!" Njoki alimlalamikia.

"Basi atapata shairi bure."

Kwa aibu, Njoki akawa anageuza kila gunia, maandishi yakae ndani, kabla ya kujaza.

Mwaka jana Anselmo alipoanza kuugua, alimwambia akicheka, "Shairi lako nimeandika kwenye gunia. Litafute." Lakini mavuno yalikuwa mengi, na Njoki aligeuza, akajaza, akauza. Sasa alitaka lisomwe kwenye mazishi, na stoo nzima hakuliona. Mwenyewe ndiye aliyeliuza.

Alimpigia Eucabeth, mteja wao wa Gilgil.

"Pole sana, Mama Mwaura. Magunia ya mzee? Ninayo arobaini na moja, hata moja sijatupa! Kwani ulidhani nafuata viazi vyenu pekee? Viazi viko hata Molo!"

Njoki alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya mazishi, Eucabeth alifika na magunia yote, yamekunjwa kama vitenge. Ndani ya moja palikuwa na jina la Njoki. Mwaura akasoma:

*Nilivuka bahari kuleta mbegu,*
*nikamkuta Njoki shambani, ananicheka viatu.*
*Bwana, asante kwa viatu vile.*

Waombolezaji waliangua kicheko, na mchungaji pia. Kweli vilikuwa viatu vya ngozi, vya kupiga rangi, kwenye matope ya Dundori.

Kisha waliimba, mchungaji akaomba, jeneza likashushwa. Njoki alitupa konzi ya kwanza ya udongo, Mwaura akafuata, halafu majirani. Kaburi lilipojaa waliweka maua, wakaenda kula. Njoki alibeba gunia lake kwapani, maandishi yakiwa nje.