Kunde Nyeupe Mbili

Nilirudi Kitangari likizo, nikakuta nyumbani hakukaliki. Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto zeruzeru mwaka uliopita, na sasa ana mimba nyingine. Shemeji alishafunga mkeka wake aondoke. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo kila mtu, hata mama yetu, alisema jambo hili limetoka kwetu tu. Shemeji hakuhesabiwa.

Shuleni mwalimu wetu Mzungu alishatufundisha jinsi mtoto anavyorithi maumbile ya wazazi, na mimi subira sina. Nikachukua makopo mawili, kila moja nikatia kunde mbili, nyeusi na nyeupe. Nikasema kopo hili dada, hili shemeji. Kila mzazi anatoa moja bila kuchagua. Nyeusi ikiwepo, inaificha nyeupe. Mtoto kama huyu anazaliwa zikikutana nyeupe mbili, na kopo moja haliwezi kutoa mbili.

Shemeji akakataa, akasema kwao Mkunya hakuna zeruzeru. Nikamjibu hata kwetu hakuna, ndiyo maana ya kujificha. Akatia mkono koponi. Dada naye akatoa yake. Wakarudia, wakirudisha kunde kila mara, mpaka mama akacheka kwamba wameacha kulima wanacheza bao. Nikawaeleza kwamba ukirudia sana, karibu robo ya mara zote zinatoka nyeupe tupu. Moja katika nne.

Shemeji akainua uso. "Basi hiyo moja tumeshaitoa. Zilizobaki zote nyeusi." Akaenda kuufungua mkeka.

Dada alikuwa na mtoto mgongoni, amemfunika kanga jua lisimuunguze. Akaniuliza, "Ni kweli, mdogo wangu?"

Nikamwambia hapana. Kunde zinarudi koponi, na mimba hii inaanza upya kama ile ya kwanza. Akauliza sasa hii ni ipi. Nikasema hesabu haiwezi kujua. Nikasimama nimfuate shemeji nimweleweshe, dada akanishika mkono.

"Mwache. Akae hapa mpaka nijifungue."

Siku ya kuondoka shemeji alinibebea sanduku mpaka barabarani, akiniita mwalimu, akicheka. Nilishindwa kumtazama.

Sasa niko shuleni Masasi. Lori la kutoka Newala likisimama sokoni naenda kuuliza kama kuna mtu wa Kitangari, na nikimwona mmoja nasema shikamoo, halafu namuuliza habari za mvua; kama dada amejifungua siulizi.