Misizi Kumi na Mmoja ya Bibi

Mwezi uliopita nilishuka kwenye bodaboda pale Keza, kijijini kwetu, nikakuta watoto wa ndugu yangu wamekaa kwenye kivuli cha migomba, wanajaza udongo kwenye viriba. Ndugu yangu huyo ni mtoto wa baba yangu mdogo. Aliniambia wanaotesha miti ya misizi, kwamba siku hizi mbao zake zinatafutwa sana, na kwa kuwa mimi nililelewa na bibi, basi niwaonyeshe watoto namna ya kutunza miche. Nilichuchumaa nikashika mche mmoja, nikayatazama majani yake, kisha nikaurudisha mahali pake. Nikamwambia nimechoka na safari.

Sikuwa nimechoka. Wewe niache nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu pale nyumbani sikuweza.

Wazazi wangu walikuwa Biharamulo, baba akifanya kazi huko, nami niliachwa kwa bibi tangu sijaota meno yote. Bibi alikuwa mtu wa miti. Kulikuwa na msizi mkubwa karibu na kijito, na matunda yake yalipoiva na kuwa meusi, ndege wale hondohondo walikuja wakapiga kelele kutwa nzima, wakala nyama ya tunda na kutupa kokwa. Sisi tulikwenda na kikapu kuokota kokwa hizo. Bibi aliziloweka kwenye chungu kilichopasuka mdomo, akazifukia kwenye tuta chini ya migomba, akalifunika tuta kwa nyasi. Msizi huchelewa sana kuota. Nilikuwa nafunua nyasi kila asubuhi na kila asubuhi bibi ananikaripia. Lakini ukishaota, hutaamini kasi yake. Bibi alikuwa akisema mti huu hauna adabu, unamzidi urefu aliyeupanda kabla hajasahau siku ya kuupanda.

Mwaka mmoja kabla sijaanza shule tulipanda kumi na mmoja kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mvua za kwanza zilipolainisha udongo. Kila shimo lilinifika kiunoni. Bibi aliweka samadi, mimi nikashika mche usimame wima, yeye akashindilia udongo kwa kisigino. Kisha zikaanza kazi zisizokwisha: kuzungushia miiba ili mbuzi wasile, kupalilia, kubeba maji kwa galoni kiangazi kikikaza. Nilichukia galoni lile. Lakini jioni, tukiwa tumekaa tunakula ndizi na maharage yenye harufu ya moshi, bibi alinyoosha kidole kwenye miti na kunigawia nyumba: huo utakuwa mlango, ile miwili itakuwa kenchi za paa, ule ulionyooka utakuwa kitanda chako. Nilipofika darasa la tano sikuweza tena kuikumbatia nikashikanisha mikono.

Halafu wakimbizi wakaja kutoka Burundi. Huko kwao watu walikuwa wanauana, na kwa siku chache kilima cha ng'ambo, kilichokuwa pori, kikajaa maturubai. Kutwa tulisikia mashoka. Maelfu ya watu wanahitaji kupika, wanahitaji fito za kujengea. Pori likaisha tukiliangalia. Watu wa kwetu walinung'unika, maana kuni zetu zilikuwa zinatoka huko huko. Na bado watu hao hao walinunua mahindi ya njano ya msaada na mafuta ya msaada, na wakati wa kulima walikwenda kambini kutafuta vibarua. Hayo yalikwenda pamoja na hakuna aliyeona ajabu.

Mama mmoja wa Burundi alikuja kwa bibi na binti yake wa rika langu. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana, hivyo walielewana mara moja. Aliomba kulima kwa kubadilishana na chakula. Bibi akampa kona ya shamba apande maharage yake, naye akamsaidia bibi kwenye migomba. Msizi hujipogoa wenyewe, matawi ya chini hukauka na kuanguka, na bibi akamruhusu kuyaokota. Alikuja na panga lake dogo, akayakatakata matawi yale yakatoshea kwenye mzigo, akayafunga kwa kamba za migomba. Nilimwona mara nyingi. Binti yake nami tulipalilia miti pamoja, na alijua kunichekesha kwa kuiga sauti ya hondohondo. Alikuwa rafiki yangu. Nasema hivyo ili usije ukadhani nilikuwa mtoto asiyejua anachofanya.

Mwaka uliofuata bibi alianguka akavunjika mguu, akapelekwa hospitali Rulenge. Nilikwenda naye kumpikia. Tulikaa huko wiki tatu, na nyumba tulimwachia baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa akiishi jirani. Unga ulipokwisha bibi alinituma nyumbani. Nilitembea tangu asubuhi, na nilipokaribia niliona mbingu mahali ambapo hapakuwa na mbingu. Miti yote kumi na mmoja haikuwepo.

Nilikwenda hadi kwenye visiki. Vilikuwa bapa, laini kama meza. Chini ya mteremko kulikuwa na shimo jipya kama wanayochimba wapasua mbao, na kando ya shimo unga wa mbao wa rangi ya manjano, umelowa mvua na kuganda. Niliuchota kwa kiganja. Nataka ujue kwamba niliuchota.

Baba mdogo akatoka nyumbani akaniambia ni wakimbizi. Alisema alikwenda mnadani, akarudi akakuta miti imekwisha kukatwa. Akasema ni yule mama, nani mwingine aliyekuwa akiingia humo na panga? Nyuma yake kulikuwa na baiskeli mpya imeegemea ukuta, na karatasi za dukani bado zimezungushwa kwenye vyuma vyake. Niliiona pia.

Mchana ule ule wanaume wakamleta yule mama ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji. Watu walikuwa wengi, na walikuwa na hasira iliyokuwa ikitafuta mlango tangu pori lilipoisha. Mambo ya ofisini yaliendeshwa kwa Kiswahili, ambacho yeye hakukijua. Alisimama na mkono begani mwa binti yake, akigeuza macho kumfuata kila aliyesema. Mwenyekiti akaniita mbele. Akaniuliza kama niliwahi kumwona mama huyu kwenye miti ya bibi akiwa na panga.

Nikasema, "Ndiyo, nilimwona."

Ilikuwa kweli. Watu wakaguna. Yule mama hakuelewa maneno lakini alielewa mguno, akanigeukia mimi, na kwa Kirundi, kwa sauti ya chini kama mtu anayemkumbusha mtoto wake somo, akasema, "Mwanangu, waambie na lile lingine."

Kila mtu pale alimsikia na kila mtu alielewa. Lile lingine lilikuwa ruhusa ya bibi. Lilikuwa visiki bapa na unga wa mbao, maana panga haliachi unga. Nilimtazama baba mdogo. Hakunikunjia uso wala kunitisha. Alikuwa ananitazama kwa upole, kama siku alizokuwa akinibeba kwenda kanisani. Nikatazama miguu yangu. Mwenyekiti akasubiri kidogo, akasema inatosha.

Walimng'olea maharage yake yote, na yalikuwa yameanza kutoa maua. Panga walilichukua. Mtu mmoja alimpiga mgongoni kwa fimbo, wengine wakamsukuma mpaka njia ya kambini. Binti yake hakulia, wala hakugeuka. Mimi nilichukua unga wa kupikia niliotumwa nikarudi Rulenge.

Bibi sikumwambia. Alirudi nyumbani kwa mkongojo akajionea. Alishuka mteremko taratibu, akakaa juu ya kisiki kimoja, akapitisha kiganja juu yake, akatazama shimo. Akaniuliza ni nani aliyesemwa. Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye swali la mwenyekiti nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Ulijibu nini?" akauliza.

Nikamwambia.

Alijiinua kwa mkongojo wake. Kisha akasema miti tutapanda mingine, ila kwa yule mama lazima twende, na mimi ndiye nitakayesema.

Siku hiyo hiyo alimwita baba mdogo akamwambia asikanyage tena jikoni kwake. Hakumshtaki. Alikuwa mwanawe. Hilo nalo sijalimaliza moyoni, kwamba mgeni alipigwa mbele ya watu wote na mwenye kosa akanyimwa chakula faraghani.

Tulikwenda kambini baada ya Jumapili mbili, bibi akipumzika kila baada ya hatua kadhaa. Tulizunguka kwenye maturubai hadi nikamwona binti kwenye foleni ya maji. Alimwamkia bibi kwa heshima. Mimi hakunitazama. Bibi akamuuliza mama yuko wapi. Akasema mama alijiandikisha kurudi kwao, ameondoka na malori juma lililopita, yeye ameachwa kwa shangazi mpaka mama aone kama kunakalika.

Bibi akasema huko bado watu wanauana.

"Nilimwambia hivyo," binti akajibu. "Akasema huko angalau anachukiwa na watu wanaomjua."

Foleni ikasogea, naye akasogea nayo. Maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima nilibaki nayo mdomoni. Tulipokwenda mara ya pili, shangazi alikuwa amehamishiwa sehemu nyingine ya kambi na hatukuwapata.

Visiki viliota machipukizi, mbuzi wakayala. Bibi hakupanda misizi tena, ingawa alisema tungepanda. Hondohondo waliacha kuja, msizi wa kijitoni ulikatwa na watu wa kwetu wenyewe, na kambi ilipofungwa palibaki majani marefu na vipande vya turubai. Baba mdogo alizeeka vizuri. Alizikwa kwa heshima zote, nami nilikuwepo, nikaimba pamoja na wengine.

Mara mbili nimekwenda mpakani, nikauliza wafanyabiashara wanaovuka kutoka Burundi kama wanaweza kunitafutia mtu. Wananiuliza jina. Alilima nasi karibu mwaka mzima, alikula kwenye sahani zetu, alinifundisha kusuka mkeka, na mimi nilimwita mama, bibi alimwita mwanangu, wengine wote walimwita mkimbizi. Hakuna siku hata moja niliyomuuliza anaitwa nani.